Jina la Ujana la Baba

Kambi ya Ban Vinai, Thailand
9 Februari 1992

Kwako Baba Mdogo Teng,

Pokea salamu zangu, za baba na mama, za Bibi na za wadogo zangu wawili. Hatujambo, ila Bibi kikohozi kimemshika tangu sherehe za Mwaka Mpya. Yeye anasema ni vumbi. Mama anasema ni ukaidi, maana alikaa nje siku nzima akiangalia vijana wakirushiana mipira ya kitambaa. Mimi nilirushiana na mvulana wa ukoo wa Vang kwa sababu nilisukumwa. Mpira ukanidondoka mara tano. Anayedondosha anatakiwa aimbe. Sikuimba, nilikimbia nyumbani.

Shule nimemaliza Desemba. Mwalimu aliandika kwenye cheti changu kwamba naandika vizuri ila sisikiki. Siku hizi nashona nguo na mama. Juu ya bahasha nimeweka jina la mama mdogo Kia, kama ulivyotuagiza siku zote.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Unajua baba alikuwa hataki kusikia habari ya kuja huko. Miaka kumi na miwili watu wanapanda mabasi, yeye anasema atasubiri hapa hapa, Wamarekani watarudi Laos kumaliza walichoanza. Desemba redio ilipotangaza kwamba Warusi wamevunjika, wazee walijaa kwa Mzee Song Lue kusikiliza. Mmoja akasema, "Shina limeng'oka. Tuone sasa tawi lake, Wakomunisti wa Laos kule Vientiane, litaning'inia wapi." Wakanywa mpaka jioni. Walikuwa na hakika zamu yetu imefika.

Mwezi uliofuata likabandikwa tangazo. Kambi itafungwa mwisho wa mwaka huu. Njia ni mbili, Marekani au kurudi Laos, na asiyechagua atachaguliwa. Redio nayo ikasema Washington na Vientiane watapelekeana mabalozi. Mzee Song Lue aliizima, akasema betri zimekwisha. Taa ya redio ilikuwa inawaka vizuri kabla hajaizima.

Siku hiyo hiyo baba aliniambia, "Blia, kanichukulie fomu." Nimeijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Kwenye nafasi ya majina mengine baba alisema niache wazi. Lakini tulifundishwa kwamba fomu yenye nafasi wazi hurudishwa. Nikamuuliza Bibi kwa siri, nikaandika Leng, jina la ujana la baba, la kabla wakwe hawajachinja nguruwe na kumpa jina la utu uzima, Chia Leng. Nilitaka kila kitu kiwe sahihi.

Afisa wa Kimarekani hakuamini kwamba baba alikuwa askari wao wakati wa vita ya Laos. Alidai karatasi, na karatasi ziliungua na nyumba. Akasema basi tulete barua ya mtu aliyeko Marekani anayemjua. Waliokuwa askari watafikiriwa kwanza, wengine huenda wasifikiriwe kabisa. Baba anasema nisikusumbue. Lakini wewe ndiye mdogo wake wa tumbo moja. Andika tu kwamba Chia Leng ndiye Leng, na kwamba alipigana toka 1966 hadi 1975. Ni mistari mitatu.

Mwana wako,
Blia

*

Saint Paul, Minnesota
22 Machi 1992

Mwanangu Blia,

Salamu kwa wote. Mwambieni mama yangu asikae nje, mbishi yule. Sisi huku wazima. Kia anakusalimu, na watoto wanauliza kama ni kweli dada yao hulala chini ya bati na tembo wanapita. Nimewaambia tembo wanapiga hodi kwanza.

Baridi bado haijaachia. Jumapili nilivua samaki ziwani, juu ya barafu. Unatoboa tundu kama unachimba kisima, unakalia ndoo, unangoja. Kaka angecheka mpaka aanguke. Kiwandani kwetu tunatengeneza madirisha. Vijana wananiita mzee, wanasema nina mgongo imara kwa umri wangu. Nacheka nao.

Kuhusu lile ulilouliza. Mwanangu, huku hakuna anayeijua vita ile. Msimamizi wangu aliniuliza Laos iko upande gani wa China. Mwaka huu ni wa uchaguzi, na kila anayesimama kwenye televisheni anasema Marekani imechoka kubeba dunia, sasa ijijenge yenyewe. Wakati wa Mrusi, ukisema "nilipigana na Wakomunisti", mlango unafunguka. Sasa ukisema hivyo wanakutazama kama mtu anayedai zawadi ya harusi iliyokwisha kuvunjika. Msiegemee uaskari. Ombeni kuja kama ndugu wa kawaida.

Na lile jina la ujana, nani alikutuma uliandike? Mwambie afisa alifute. Mtu akishapewa jina la utu uzima, la zamani halimhusu tena. Unajua mila.

Ushahidi wangu hautawasaidia. Nilikuwa mtoto wakati wa vita. Na kazi zimenibana sana.

Baba yako mdogo,
Teng

*

Ban Vinai
19 Aprili 1992

Baba Mdogo,

Salamu. Bibi amepona kikohozi, sasa anaumwa goti. Mdogo wangu wa mwisho ameng'oka jino na amelitupa chini ya kitanda kama inavyotakiwa. Pole na baridi.

Barua yako ilichukua wiki tatu kufika, na nimeisoma mara nyingi nikitafuta ile mistari mitatu. Samahani nikisema hivi. Siyo kwamba nakukosea adabu.

Tarehe kumi tuliitwa tena. Safari hii afisa alikuwa na faili juu ya meza. Alisoma, mkalimani akatueleza: Leng Yang, wa kijiji kile kile cha baba, wa kikosi kile kile cha kutafuta marubani walioanguka, aliingia Minnesota mwaka 1980.

Mkalimani akasema, "Afisa anauliza, mtu mmoja anawezaje kuwa wawili?"

Baba akajibu, "Aniulize mimi? Faili si lake?"

Mkalimani hakulitafsiri hilo. Alimwambia tu kwamba baba hajui.

Afisa si mtu mbaya. Aliniletea maji ya kunywa. Lakini alisema mambo yamebadilika, kwamba Laos si adui tena, kwamba siku hizi Walao wanawasaidia kutafuta mifupa ya marubani wao milimani. Alisema kwa furaha, kama anatupa habari njema. Baba Mdogo, marubani hao baba aliwabeba wakiwa hai. Wamarekani wanavuka bahari kutafuta mifupa yao, na aliyewabeba amekaa mbele yao kwenye kiti cha plastiki, hawamwoni. Nilitaka kulisema hilo. Kiingereza changu kingetosha. Sauti ndiyo haikutoka.

Kwa hiyo sasa tunajua. Kuna mtu aliiba jina la baba, na anaishi jimbo hilo hilo lenu. Watu wa ukoo wetu wa Yang huko si wengi hivyo, mnakutana misibani na kwenye Mwaka Mpya. Mtafute. Simwombei mabaya, nataka aseme ukweli tu. Afisa ametupa nafasi moja zaidi, Novemba. Bila hivyo tunapelekwa kambi ya Napho, ya wanaorudishwa Laos, na baba ameapa kwamba wakubwa wa huko Laos wanamjua kwa sura.

Tafadhali fanya haraka. Mimi ndiye niliyeandika jina hilo kwenye fomu. Silali vizuri.

Blia

*

Ban Vinai
12 Julai 1992

Baba Mdogo,

Salamu zetu zote.

Ni miezi mitatu. Kila gari la barua likija nasimama kwenye foleni, na yule karani ameshaacha kutafuta, ananitikisia kichwa kutoka mbali.

Jana nilikuwa nashona na Bibi. Nikamwambia nimekutuma umtafute mwizi wa jina la baba. Bibi akaacha sindano katikati ya kitambaa.

"Umemtuma nani?"

"Baba Mdogo Teng."

"Basi umemtuma paka akamtafute aliyekula samaki."

Nilimwuliza ana maana gani. Akasema, "Wewe si ndiye msomi? Ulisoma miaka yote hiyo ukajua kusoma karatasi tu." Kisha akarudi kushona.

Nilikaa nikafikiri. Nikafikiri kwa nini bahasha tunazokutumia huwa hazina jina lako. Nikafikiri kwa nini vijana wa kiwandani wanakuita mzee, wakati Bibi alikuzaa mwaka wa njaa, panya walipomaliza mpunga, na bado hujafika thelathini na tatu.

Sitaandika zaidi. Sijui nianze na neno gani.

Blia

*

Saint Paul
23 Agosti 1992

Mwanangu,

Salamu kwa mama na kwa kaka na kwa shemeji. Watoto wazima. Kia hajui kama naandika barua hii. Niko ndani ya gari, nje ya kiwanda, kabla ya zamu.

Ni mimi.

Mwaka 1980 walikuwa wanachukua askari kwanza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, sina mke, sina kikosi. Kijana wa namna hiyo aliwekwa pembeni angoje, na wengine waliongoja walirudishwa Laos, ng'ambo ya mto. Kaka alikuwa ameshapewa jina la utu uzima na kila mtu kambini alimwita Chia Leng. Lile la ujana lilikuwa halina mtu. Nilijiambia siibi kitu kinachovaliwa. Nilizijua hadithi zake zote za vita kwa sababu alinisimulia tangu nikiwa mdogo, hivyo afisa alipouliza nilijibu vizuri kuliko ambavyo kaka mwenyewe angejibu, yeye si msemaji. Nilijiongezea miaka kumi na miwili. Karatasi zangu zinasema nina arobaini na minne. Siku niliyoondoka kaka alikuwa kwenye mgao wa mchele, nikamuaga mama tu. Nilidhani kaka hatajua kuhusu jina, na kwa kuwa alisema hataki kuja, nilidhani haitamgharimu.

Sasa soma sehemu hii polepole. Chia Leng Yang, aliyeitwa Leng alipokuwa kijana, ndiye aliyekuwa askari wa Wamarekani toka 1966 hadi 1975. Ndiye aliyembeba rubani aliyevunjika mguu siku mbili mgongoni, akivuka mito usiku. Mimi, Teng Yang, mdogo wake, sikuwahi kushika bunduki. Nilimpelekea wali uliofungwa kwenye majani ya migomba, basi.

Hiyo siyo mistari mitatu, lakini ndiyo uliyoiomba. Nimeweka sahihi yangu ya kweli. Mpeni afisa. Watanivua uraia, huenda watanirudisha, na watoto sijui watawekwa wapi. Usimsomee baba yako sehemu ya watoto. Mwulize tu kama anataka. Akisema neno moja, itumieni.

Niliona aibu kukuandikia zile habari za ndoo na samaki.

Teng

*

Ban Vinai
15 Novemba 1992

Baba Mdogo,

Salamu kwako, kwa mama mdogo Kia na kwa watoto. Bibi goti halijapona lakini anatembea. Mama ameshafunga vyombo. Wadogo zangu wanacheza na kamba za mizigo.

Barua yako ilifika mwishoni mwa Septemba. Nilimsomea baba yote. Sikuruka sehemu ya watoto. Nilijaribu, nikashindwa, kwa kuwa nikiruka mahali sauti yangu hubadilika na baba anajua.

Alikuwa anasuka kitunga cha kubebea jogoo. Aliendelea kusuka mpaka nilipomaliza. Akasema, "Anaandika vizuri, Teng."

Nikasema, "Baba, ulijua?"

"Sikuwa kwenye mchele. Nilikuwa getini. Walisimama na orodha, wakaita Leng Yang. Nikanyanyua mkono. Mazoea tu. Halafu nikamwona mdogo wangu anapanda basi, nikaushusha."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Nimzuie nimpeleke wapi?"

Kwa hiyo miaka yote hii, alipokuwa akiwaambia watu anasubiri Wamarekani warudi, alikuwa anaficha kwamba hawezi kwenda bila kukufichua. Nilimwuliza kama ni hivyo. Akasema yote mawili yalikuwa kweli, na kwamba kusubiri kulimsaidia kutosema. Nikamwuliza kama sasa anasema neno. Akaniambia nimpe kisu akate ncha za mianzi.

Mahojiano yalikuwa Jumanne. Barua yako nilikuwa nayo chini ya mshipi wangu wa kiuno. Nilikuwa nimeamua. Ningeiweka mezani hata baba akinikataza, na dhambi ingekuwa yangu. Nakuambia ili ujue kwamba nilikuwa tayari kukufanyia hivyo.

Afisa alikuwa mwingine, kijana, ana mafua. Alitaka kumaliza. Mkalimani akasema, "Anauliza, huyu Leng Yang wa Minnesota ni nani kwako?"

Baba akasema, "Simjui. Akina Yang ni wengi."

"Kwa nini basi jina lake liko kwenye fomu yako?"

Baba akanigeukia. Hakuwa amekasirika. Akasema, "Mtoto ndiye aliyeandika. Mwulizeni."

Wote watatu wakanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa barua, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimtazama baba, nikaona amevaa lile shati lake la kwenda msibani, amefunga vifungo mpaka shingoni, na anangoja nimsaidie. Maisha yake yote hajawahi kuniomba kitu mbele za watu. Nikasema kwa Kiingereza, bila mkalimani, na kwa mara ya kwanza mtu alinisikia vizuri bila kuniambia nirudie. Nilisema, "Nilikosea. Baba yangu hajawahi kuitwa jina hilo."

Kijana akaandika. Akauliza kama kuna ushahidi wowote wa uaskari. Baba akasema hakuna. Afisa akagonga muhuri wa kukataliwa, akapenga kamasi, akatuambia tusiogope, kwamba vita baridi imekwisha na nchi zetu sasa zinaelewana. Alisema "nchi zetu." Sijui ipi ni yetu.

Tulipotoka nje baba aliniambia, "Sasa umesikika." Nadhani alikuwa anatania. Mimi nililia njia nzima, na si kwa huzuni tu. Nilikuwa na hasira naye, na hasira nawe, na hasira na wale waliomwita baba rafiki walipomhitaji na wakampa muhuri walipokuwa hawamhitaji tena. Hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Baba amesema nikujibu hivi: jina ni lako sasa, watoto wako wamezaliwa ndani yake, usilirudishe. Usiandike kwa ofisi yoyote. Hayo ndiyo maneno yake. Mimi sikubaliani nayo. Nayaandika kwa sababu yeye hajui kuandika na mimi ni mkono wake. Ya kwangu ni kwamba bado sijakusamehe, na sitasema nimekusamehe ili barua iishe vizuri.

Jumatatu tunapelekwa Napho, na kutoka Napho tutavushwa mto. Tukifika nitakuandikia kama itawezekana. Huenda isiwezekane.

Bibi aliniamuru niichome barua yako. Anasema wakipekua mizigo ng'ambo wakakuta karatasi inayosema baba alipigania Marekani, tumekwisha. Nilienda nayo jikoni mara mbili. Mara ya kwanza maji yalikuwa hayajachemka, nikajidai nachochea kuni. Mara ya pili niliisoma tena, nikaona sitaweza.

Naiweka ndani ya bahasha hii, nakurudishia. Kwetu inaweza kumfunga baba, na kwako inaweza kukufukuza huko uliko. Hata hivyo usiichome. Iweke mahali pakavu. Katika dunia nzima hakuna karatasi nyingine inayosema kwamba Chia Leng Yang alikuwa askari, na kwamba alimbeba mtu mgongoni siku mbili.

Blia